Nyuzi Zinazojitengeneza Ndani ya Plastiki

Mwanafunzi aliyewahi kuingia katika tembe la Wagogo huko Dodoma atakumbuka paa lile bapa la udongo. Udongo peke yake ukipindwa hupasuka. Miti na fito zilizolazwa chini yake ndizo zibebazo uzito.

Plastiki nayo huhitaji fito zake. Kwa kawaida viwanda huichanganya na nyuzi za kioo. Nyuzi hizo huiimarisha sana, lakini huifanya plastiki iliyoyeyuka iwe kama uji mzito, tena hula vyuma vya mashine. Mwaka 1987 mtafiti Gabor Kiss alichapisha njia ya kustaajabisha: nyuzi zijitengeneze zenyewe humo humo.

Hapo hutumika polima ya fuwele-miminika. Molekuli zake ni ngumu na nyofu. Hata ikiyeyuka hulala sambamba, mfano wa mabua ya uwele yaliyofungwa mzigo mmoja. Ikitiwa katika plastiki ya kawaida haiungani nayo, bali hukaa matone matone kama mafuta ndani ya maji. Mchanganyiko unaposukumwa katika tundu jembamba na kuvutwa, kila tone hurefuka likawa uzi mwembamba kuliko unywele. Ukipozwa upesi, uzi hubaki hivyo.

Walakini uzi husaidia upande ulikolala tu. Usiposhikamana vema na plastiki huchomoka, kama fito isiyofungwa kamba. Na plastiki hiyo ikiyeyushwa upya kwa joto la kuyeyusha nyuzi, hizo hukatika zikarudi kuwa matone.