Kompyuta Isiyoiona Kumbukumbu Yake

Barabara ya Luthuli, katikati ya jiji la Nairobi, si ndefu, lakini mtu aweza kuingia asubuhi na kutoka adhuhuri amenunua kompyuta nzima, vipande vipande. Imepewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobeli ya mwaka 1960, ingawa wapitao hapo aghalabu hawana habari naye. Wanachokitafuta ni spika, simu, nyaya na vipuri. Kutoka Msikiti wa Jamia ni mwendo mfupi wa miguu, na si ajabu kuwaona vijana wetu, baada ya sala ya Ijumaa, wakienda duka hadi duka kulinganisha bei. Vipuri hivyo hupanda matatu ya nambari 46 hadi Kawangware, au hupelekwa Kangemi na Westlands, na huko huungwa juu ya meza ya kulia chakula.

Kisha huja siku ya kuiwasha. Vibao viwili vya kumbukumbu vimetiwa, kila kimoja gigabaiti 8, na mashine yasema ina 8 tu. Au yasema ina 3 na ushei. Au haisemi lolote: feni zazunguka, kioo ni cheusi, na ndani mnasikika milio mifupi yenye kujirudia. Hapo ndipo aila nyingi hubeba kompyuta mzimamzima kwenda kwa fundi wa kwanza waliyeelekezwa, na si wachache waliowahi kuambiwa, “Mama, ubao huu umekufa, nunua mwingine.” Huenda ni kweli. Lakini twaona kwamba katika kompyuta ya kuunga hilo ni jambo la kufikiriwa mwisho, si mwanzo, kwani sababu nyingi za kutoonekana kwa kumbukumbu hazigharimu chochote ila subira na taa nzuri.

Kumbukumbu tunayoizungumzia, ambayo mafundi huiita ramu, ni meza ya kazi ya kompyuta, wala si kabati lake. Picha, barua na hesabu zako zimehifadhiwa katika diski. Kumbukumbu hushika kile tu kinachofanyiwa kazi sasa hivi, na umeme ukikatika husahau vyote. Tofauti hii tunaomba isomwe vizuri, maana tutairudia kwa sababu nzito zaidi ya ufundi.

Swali la kwanza ni: nani asiyeiona? Ukiwasha kompyuta na kubonyeza kitufe cha Delete au F2, kwa kutegemea aina ya ubao mkuu, utaingia katika bayosi, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya ubao wenyewe. Soma kiasi cha kumbukumbu kilichoandikwa hapo. Ikiwa bayosi yaona 16 na Windows yaona 4, vibao ni vizima, na mkosa ni programu. Windows ya biti 32 haiwezi kuhesabu zaidi ya anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4. Na kwa kuwa sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na vifaa vingine, mtumiaji hubakiwa na 3 na kitu. Dawa yake ni kuweka Windows ya biti 64, baada ya kunakili mafaili yote mahali pengine. Ikiwa pengo ni dogo, labda nusu gigabaiti, usihangaike: kompyuta isiyo na kadi yake ya picha hukopa kumbukumbu kidogo kwa ajili ya kioo.

Ikiwa bayosi nayo haioni, fungua kasha. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote. Toa kibao. Kipanguse meno yake ya dhahabu kwa raba safi ya mwanafunzi, taratibu, kisha ondoa vumbi la raba kwa kitambaa laini kikavu. Kirudishe kwa kukibonyeza ncha zote mbili mpaka usikie mlio wa kufunga. Wengi huogopa kukivunja, wakakiacha kimeingia nusu. Mashine iliyosafiri kwa basi kutoka Mombasa, karibu kilomita 480 za mtikisiko, yaweza kufika na kibao kilicholegea hata kama kilifungwa vyema nyumbani. Na hewa ya chumvi ya pwani nayo haiyaonei huruma meno hayo.

Halafu jaribu kibao kimoja kwa nafasi moja, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara na kuandika matokeo kwenye karatasi. Kibao kikikataa katika kila nafasi, ubovu ni wake. Vibao vyote vikikataa katika nafasi ileile, tatizo liko kwenye nafasi au kwenye prosesa. Katika mbao nyingi zenye nafasi nne, vibao viwili hukaa katika ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na mwenye ubao mpya wa DDR5 asikate tamaa mapema: uwashaji wa kwanza waweza kuchukua dakika kadhaa za kioo cheusi, mashine ikijifunza kumbukumbu yake. Hapo ni kungoja, si kuzima.

Sokoni kuna mtego ambao tungependa kila mzazi aujue. Vibao vilivyotolewa katika seva za makampuni huuzwa kwa bei ya kuvutia, vina umbo lilelile, na huingia katika nafasi bila kipingamizi. Ila mbao za kawaida za nyumbani haziwezi kuvitumia. Soma kibandiko. Penye maandishi kama PC3-12800R, ile herufi R mwishoni yaonyesha kibao cha seva. Cha nyumbani huwa na U. Katika DDR4 herufi hiyo hufuata kistari, kwa mfano PC4-2400T-R au PC4-2400T-U. DDR3, DDR4 na DDR5 zenyewe hazibadilishani, kwani kata iliyo katikati ya meno haikai mahali pamoja, anayelazimisha huvunja. Pia uliza kikomo cha ubao wako, maana mbao nyingi za zamani zina ukomo, na kila kizidicho hapo ni fedha iliyotupwa.

Prosesa nayo yahusika, jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau. Katika prosesa za leo kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani yake. Kwa hiyo pini moja iliyopinda chini ya prosesa yaweza kuficha nusu ya kumbukumbu yote. Hapa mkono wa nyumbani na usimame. Kunyoosha pini ni kazi ya fundi mwenye darubini na mkono usiotetemeka.

Na ikiwa hatima yake ni kwa fundi, tunarudi kwenye ile tofauti ya meza na kabati. Tuseme binti anasoma Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na ndani ya diski yake mna picha za harusi ya dada yake, akina mama wakiwa bila mitandio, nakala za vitambulisho vya wazazi, na labda mahesabu ya biashara ya mama ya mabuibui. Fundi anayetafuta ubovu wa kumbukumbu hana haja na hata kimoja kati ya hivyo. Bayosi huhesabu kumbukumbu bila diski kuwapo, na programu ya bure ya Memtest86+ hupima vibao ikiwa kwenye flashi tu. Kwa hivyo fungua skrubu, chomoa nyaya zake mbili, iache diski nyumbani kabatini. Ikiwa ni ile nyembamba iliyolala juu ya ubao mkuu, huwa imeshikwa na skrubu moja tu. Ukiulizwa neno la siri, jibu ni kwamba halihitajiki. Sitara ya nyumba haikabidhiwi kaunta ya duka kwa sababu ya kibao kisichoonekana.

Kabla ya kuondoka nyumbani, piga picha ya vibandiko vya vibao, vya ubao mkuu na vya prosesa. Ukinunua kibao kipya, omba kijaribiwe mbele yako, nambari yake iandikwe kwenye risiti pamoja na siku za kurudisha, kisha usiku huo iache Memtest86+ ipime mpaka asubuhi. Kosa moja jekundu likionekana, kirudishe siku hiyohiyo.