Bologna: Mji Wenye Vipimo Ukutani

Bologna ni mji wa kaskazini mwa Italia. Una watu karibu laki 4. Upo pale milima ya Apennini inapokwisha na uwanda wa mto Po unapoanza. Uwanda huo ni tambarare, una rutuba, na umelimwa tangu zamani za Warumi. Kwa sababu hiyo Waitaliano wameupa mji huo jina la utani. Wanauita "Mnene". Hawautukani. Wana maana kwamba ni mji unaokula vizuri.

Nilikaa huko miezi 3, tangu Septemba hadi Novemba mwaka 2022, nikijifunza mambo ya ng'ombe wa maziwa. Siku za kazi nilikuwa mazizini. Siku za mapumziko nilitembea mjini na kula. Nitaanza na kutembea, maana huko mtu hutembea kwanza, ndipo tumbo linapodai.

MABARAZA NA VIPIMO

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni mabaraza. Karibu kila nyumba ya katikati ya mji ina baraza mbele yake, lenye nguzo na matao. Baraza hilo limeungana na baraza la jirani, na la jirani limeungana na la jirani yake. Mvua ikinyesha unaweza kwenda sokoni na kurudi bila mwavuli. Ukiyaunganisha yote, mabaraza ya Bologna yana urefu wa kilomita 62. Mwaka 2021 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Yalianzaje? Bologna ina chuo kikuu cha zamani sana. Mwaka unaotajwa kuwa wa kuanzishwa kwake ni 1088. Wanafunzi walikuja kutoka nchi nyingi, na wote walitaka vyumba. Wenye nyumba wakaongeza vyumba vya ghorofani, vikatokeza nje juu ya njia. Wakavitegemeza kwa miti. Chini yake watu wakapita.

Mwaka 1288 serikali ya mji ikatoa sheria. Kila nyumba mpya iwe na baraza. Ardhi ya baraza ni ya mwenye nyumba, na yeye ndiye anayelitengeneza, lakini kila mtu ana haki ya kupita. Kimo kisipungue futi 7 za Bologna, yaani mita 2 na sentimita 66, ili mtu aliyepanda farasi apite bila kugonga kichwa.

Sasa utauliza, futi hiyo ni ya nani? Katika siku zile kila mji ulikuwa na futi yake. Jibu lipo katika uwanja mkubwa wa mji, unaoitwa Piazza Maggiore. Kwenye ukuta wa jumba la serikali ya mji kuna jiwe lililochongwa vipimo vya zamani: urefu wa futi, na hata ukubwa wa tofali na wa kigae cha kuezekea. Vipo nje, mahali pa wazi. Mtu akinunua tofali na kulitilia shaka, alilileta ukutani na kulipima mbele ya watu. Nilisimama pale muda mrefu. Nilifikiria lumbesa zetu, na mkulima ambaye hana ukuta wa kupelekea gunia lake.

Uwanja huo huo una habari nyingine kubwa. Mwaka 1256 kengele ililia, watu wakaitwa, na serikali ya mji ikatangaza kwamba watumwa wa mashamba katika Bologna na vijiji vyake wawe huru. Walikuwa karibu 6,000. Mji ulilipa mabwana wao kutoka hazina yake: pauni 10 za fedha ya huko kwa mtu mzima, na pauni 8 kwa mtoto wa chini ya miaka 14. Majina yao yaliandikwa katika kitabu kinachoitwa Kitabu cha Paradiso, na kitabu hicho kimehifadhiwa hadi leo. Wataalamu wa historia husema pia kwamba mji ulikuwa unataka kodi, na mtumwa halipi kodi. Inawezekana sababu zote mbili zilikuwa kweli.

MINARA, MLIMA NA SAA

Katikati ya mji imesimama minara 2 ya matofali. Mrefu unaitwa Asinelli. Una mita 97 na ngazi 498 za mbao. Nilizipanda zote, na miguu ilinikumbusha kwa siku mbili. Juu unaona mapaa mekundu, halafu mashamba mpaka macho yanachoka. Mnara mfupi, Garisenda, una mita 48 na umeinama sana. Zamani ulikuwa mrefu zaidi. Katika miaka ya 1350 walipunguza kichwa chake kwa hofu kwamba utaanguka. Mwaka 2023, baada ya mimi kuondoka, mafundi waligundua kwamba hali yake imekuwa mbaya. Eneo lake likafungwa, na kazi ya kuuimarisha ikaanza.

Nje ya mji kuna kilima chenye kanisa la San Luca. Baraza linapanda mpaka huko. Lina urefu wa karibu kilomita 4 na matao 666. Wakulima watapenda kujua sababu yake. Mwaka 1433 mvua ilinyesha bila kukoma, na mazao yakawa hatarini kuoza shambani. Watu wa Bologna wakaichukua picha ya Bikira Maria iliyokuwa kilimani, wakaileta mjini kwa maandamano. Husimulia kwamba mvua ilikatika. Tangu hapo picha huletwa mjini kila mwaka. Mwaka 1674 walianza kujenga baraza hilo ili waandamanaji wasilowe, na wananchi wengi walichanga fedha. Nilipanda siku ya ukungu. Wazee wenye fimbo walinipita.

Katika stesheni ya reli kuna saa iliyosimama. Inaonyesha saa 4 na dakika 25 asubuhi. Tarehe 2 Agosti 1980, wakati huo, bomu lililotegwa katika chumba cha kungojea lililipuka. Watu 85 walikufa. Saa hiyo imeachwa hivyo kwa makusudi.

CHAKULA

Asubuhi hawali sana. Hunywa kahawa kali katika kikombe kidogo kama cha wauza kahawa wa pwani, pamoja na andazi laini. Hunywa wakiwa wamesimama, kwa sababu katika maduka mengi ukikaa mezani unalipa zaidi. Mimi nimezoea uji. Saa 4 tumbo lilikuwa likinguruma.

Chakula chenyewe ni cha mchana. Cha kwanza ni tagliatelle, yaani tambi pana. Mama mwenye nyumba niliyopanga chumba alizitengeneza kila Jumapili. Kwa kila gramu 100 za unga wa ngano alivunja yai 1. Hakutia maji. Alikanda, akafunika unga upumzike, kisha akausukuma kwa mti mrefu kuliko ule wetu wa chapati, mpaka ukawa mwembamba kama kitambaa. Akaukunja, akaukata kwa kisu. Nilimwuliza, "Mama, upana wake ni kiasi gani?" Akacheka, akaniambia niende nikaulize Chemba ya Biashara.

Nilidhani ni mzaha, lakini ni kweli. Mwaka 1972 kipimo cha tagliatelle kiliwekwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya Bologna: ikiiva iwe na upana wa milimita 8. Wanasema hiyo ni sehemu moja katika 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli. Mwaka 1982 waliandikisha pia mchuzi wake, unaoitwa ragù. Ni nyama ya ng'ombe ya kusaga, kitunguu, karoti, nyanya kidogo na mvinyo, ikipikwa polepole kwa saa 2 au zaidi. Duniani kote hoteli huuza tambi nyembamba za mviringo kwa jina la Bologna. Watu wa Bologna wenyewe hawakubali kwamba chakula hicho ni chao.

Cha pili ni tortellini, vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, vikiliwa katika supu. Ndani yake hutiwa kungumanga, na harufu yake ilinikumbusha Zanzibar.

Hapa ndugu zangu Waislamu wawe macho. Nyama ya tortellini kwa kawaida ni ya nguruwe. Katika ragù pia hutiwa mafuta ya nguruwe. Mortadella, ile nyama ya waridi inayokatwa vipande vyembamba, ni nguruwe. Uliza kabla ya kula, hawakasiriki. Mwaka 2019, katika sikukuu ya Mtakatifu Petronio tarehe 4 Oktoba, zilitengenezwa pia tortellini za kuku ili watu wote waweze kula. Wanasiasa wengine walipiga kelele kwamba mila inaharibiwa. Mimi naona sufuria mbili jikoni hazigombani.

Ugali pia upo. Wanauita polenta. Zamani maskini wa kaskazini mwa Italia walikula ugali karibu peke yake, asubuhi na jioni. Wakapata ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, na mwisho akili inavurugika. Sababu yake ni kukosa vitamini ambayo mwili hauipati ya kutosha katika mahindi peke yake. Siku hizi polenta huliwa pamoja na nyama, uyoga au jibini. Kwetu ugali uwe na maharage, karanga, dagaa au maziwa.

JIBINI INAYOKAA BENKI

Nimeacha jibini mwisho kwa sababu ndiyo kazi iliyonipeleka. Jibini ya huko inaitwa Parmigiano-Reggiano. Hutengenezwa katika wilaya chache tu, na sehemu ya wilaya ya Bologna imo. Ng'ombe wake hulishwa majani mabichi na makavu. Saileji imekatazwa, maana vijidudu vyake huleta hewa inayopasua jibini baadaye.

Maziwa ya jioni huachwa usiku kucha, na krimu ikipanda juu huondolewa. Asubuhi huchanganywa na maziwa mapya katika sufuria kubwa za shaba. Hugandishwa kwa dawa inayotoka katika tumbo la ndama, hukatwakatwa, hupashwa moto. Jibini moja yenye kilo 40 hula lita 500 na zaidi za maziwa. Hukaa katika maji ya chumvi kwa wiki kama 3. Kisha hupangwa rafuni, na hapo hungoja miezi isiyopungua 12. Nyingine hungoja miaka 2 au 3.

Fikiri, ndugu mfugaji. Umekamua leo, na jibini itaiva mwakani. Watoto watakula nini katikati? Nilimwuliza mfugaji mmoja swali hilo. Alinijibu kwamba yeye hamwuzii mchuuzi maziwa yake. Kiwanda ni cha ushirika, na yeye ni mwanachama. Viwanda vingi vya jibini hiyo viko hivyo. Tena benki moja ya mkoa huo, Credito Emiliano, hupokea jibini kuwa rehani. Ushirika huweka jibini katika ghala la benki, hupata mkopo, na jibini inaendelea kuiva humo humo.

Lakini benki haikopeshi kwa kitu kisichojulikana. Jibini ikifika mwaka mmoja, mkaguzi huigonga kwa nyundo ndogo huku akisikiliza. Ikilia vizuri, hupigwa chapa ya moto. Ikilia kama debe lenye ufa, alama zake hufutwa, na haiuzwi kwa jina lile. Nilimwona mkaguzi akigonga jibini nyingi bila kusema neno. Wenye ushirika walisimama nyuma yake, kimya kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

Hakuna kinachotupwa. Maji yanayobaki katika sufuria hunyweshwa nguruwe. Hata ganda gumu la jibini, ambalo kisu hakiliwezi, mama mwenye nyumba alilitia katika supu ya maharage, likachemka mpaka likalainika. Yeye mwenyewe ndiye aliyelila.