DOLA YA FEDHA ILIYOPELEKWA MUSCAT

Askari aliyewahi kushika zamu mlangoni mwa hazina anajua kwamba thamani ya kitu haifuati ukubwa wake. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za kipande cha fedha kisichofika uzito wa gramu 27, upana wake karibu sentimita 4, ambacho mwezi Agosti 2021 kiliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 7,680,000. Kipande chenyewe ni dola moja.

Kimeandikwa mwaka 1804, na wajuzi wengi wa sarafu wanaamini kuwa ndicho alichopewa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar, kutoka kwa serikali ya Rais Andrew Jackson.

La kustaajabisha ni kwamba mwaka 1804 haikupigwa dola hata moja yenye tarehe hiyo. Daftari za kiwanda cha sarafu cha Philadelphia zinaonyesha kuwa mwaka huo zilitolewa dola zaidi ya 19,000, lakini mihuri iliyotumika ilikuwa ya 1803 na ya miaka ya nyuma. Kisha kazi hiyo ikasimamishwa, kwani wafanyabiashara walikuwa wakizisafirisha dola za fedha nje ya nchi mara tu zinapotoka kiwandani.

Ikapita miaka 30. Mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alikuwa amekwisha kufunga mkataba wa biashara na Seyyid Said mwezi Septemba 1833, na mwingine na Mfalme wa Siam. Ilipofika zamu ya kurudi na mikataba iliyothibitishwa, wakubwa wa Washington waliagiza, mwaka 1834, kila mtawala aandaliwe seti kamili ya sarafu za Marekani ndani ya kisanduku cha ngozi. Seti haiwezi kuwa kamili bila dola. Mafundi wakafungua daftari, wakaona mwaka wa mwisho wa dola ni 1804, wakachonga mihuri yenye tarehe hiyo. Hawakukusudia kumdanganya mtu. Waliliamini daftari tu. Na sisi wa pande hizi tusiwacheke, maana reale za Maria Theresa zilizotembea kwa wingi katika biashara ya Afrika Mashariki ziliendelea kupigwa na mwaka 1780 usoni hata baada ya malkia huyo kuwa kaburini muda mrefu.

Safari ya zawadi hizo haikuwa nyepesi. Mwezi Septemba 1835 manowari Peacock, iliyomchukua Roberts, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah, katika pwani ya Oman. Mabaharia wakalazimika kutupa baharini baadhi ya mizinga yao ili meli iwe nyepesi, huku vyombo vya watu wenye nia mbaya vikiizunguka. Roberts akashuka katika mashua ndogo na watu wachache, akaenda Muscat kutafuta msaada. Seyyid Said aliamuru wasaidiwe mara moja, na baadaye mizinga iliyoopolewa ikarudishwa kwa wenyewe bila malipo. Kwa maoni yetu, mizinga ile ilikuwa zawadi kubwa kuliko kile kisanduku cha sarafu.

Mwaka 1917 dola inayoaminiwa kuwa ndiyo hiyo iliuzwa London, ikitoka katika mkusanyiko wa Charles Watters wa Liverpool. Ikavuka bahari kurudi Marekani, na mwaka 1999 ikauzwa kwa dola 4,140,000.

Kwa nini bei ikapanda hivyo? Uchache ni sababu moja: dola za 1804 zijulikanazo ni 16 tu. Lakini miongoni mwa hizo 16 hii imezishinda zote kwa usafi. Wakusanyaji hupima hali ya sarafu kwa kipimo cha kuanzia 1 hadi 70, kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Dola hii imepewa 68. Ilipigwa kwa mihuri iliyong'arishwa hata uso wake ukawa kama kioo, na haikupata kuingia mfukoni wala sokoni.

Wenzetu wa upelelezi watapenda kusikia kwamba uhalifu haukukosekana. Baada ya 1850 baadhi ya watumishi wa kiwanda kile kile walipiga kwa siri dola nyingine za 1804 wapate kuwauzia wakusanyaji. Moja ilipigwa juu ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857, na michoro ya Kiswisi ingali inaonekana chini ya ile ya Kimarekani. Ushahidi gani zaidi ungetakiwa? Walaghai wengine wamechukua dola za 1801 au 1803 na kuichonga upya tarakimu ya mwisho.

Mwezi Oktoba 1967 majambazi wenye silaha walivamia nyumba ya tajiri mmoja huko Florida, wakachukua sarafu zake, na ndani yake dola mbili za 1804. Zote mbili zilikuja kupatikana, baada ya miaka mingi. Mwizi wa kitu kama hicho yumo mashakani tangu siku ya kwanza, kwani kila moja ya dola hizo inajulikana kwa alama na mikwaruzo yake, kama mtu ajulikanavyo kwa alama za vidole. Ataiuza wapi?

Huenda msomaji wetu ameachiwa na babu yake reale au rupia ya fedha. Basi aishike kwa ukingo, asiiguse usoni, wala asiisugue kwa majivu au dawa ya kung'arishia. Rangi nyeusi ya uzee haiishushi bei, bali mikwaruzo ya kitambaa huishusha kwa nusu au zaidi. Tunajua kwamba shauri hili ni gumu kwa mtu aliyezoea kukaguliwa vifungo vyake kila asubuhi.