NENO "ORDER": AMRI NA UTARATIBU

Ndugu wasikilizaji, na hasa nyinyi mlio katika jeshi na polisi, jioni hii tunapenda kuzungumza juu ya neno moja la Kiingereza ambalo mnalisikia kila siku kambini, kituoni na mahakamani. Neno hilo ni "order". Wengi wetu tukiulizwa maana yake tutajibu upesi kwamba ni amri. Jibu hilo si kosa, lakini ni sehemu tu ya ukweli. Na mtu mwenye bunduki akishika sehemu tu ya ukweli aweza kuleta madhara makubwa.

Neno hili lina asili ya Kilatini, "ordo", yaani safu, au vitu vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Lilipita katika Kifaransa, likaingia Uingereza katika karne ya 13. Basi tangu asili neno hili lilikuwa la mpango. Maana ya amri ilifuata baadaye.

Maana hizo mbili zimo katika gwaride. Ofisa wa mafunzo ya Kiingereza akitamka "open order", anataka safu ziachane. Akitamka "order arms", anataka kitako cha bunduki kishuke ardhini kando ya mguu wa kulia. Polisi wa barabarani naye akisema hati za gari ziko "in order", maana yake ni kwamba zimekamilika. Posta, "money order" ilikuwa hawala ya fedha ambayo askari wengi walimpelekea mama nyumbani. Bungeni, mbunge akisimama kwa "point of order", anamkumbusha Spika kwamba kanuni imevunjwa.

Ukoo wa neno hili ni mpana. "Orderly" ni mtu mwenye utaratibu, na pia ni askari anayemhudumia ofisa. "Ordinance" ni sheria, na sheria nyingi za Uganda wakati wa ukoloni ziliitwa hivyo. Iondoe herufi moja tu, upate "ordnance", yaani silaha na zana za vita, kama zile zinazowekwa katika ghala la jeshi la Magamaga. "Subordinate" ni aliye chini katika safu, "insubordination" ni ukaidi wake dhidi ya mkubwa, na "disorder" ni fujo. Ndugu hao wote babu yao ni mmoja, nayo ni ile safu iliyopangwa.

Lakini je, haya yatufaa nini? Yatufaa sana. Tangu siku za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, Kiswahili kimekuwa lugha ya askari katika nchi yetu, na mwaka 2005 Katiba ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, sheria zetu zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo askari husikia kwa Kiswahili jambo lililoandikwa kwa Kiingereza, na tafsiri ikipotoka, kazi nayo hupotoka.

Tuchukue mfano. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 212, imewapa polisi kazi ya kuhifadhi "law and order". Anayefasiri maneno hayo kuwa "sheria na amri" amepotea njia. Maana yake ni sheria na utulivu. Polisi anayempiga mchuuzi aliyekwisha kukubali kukamatwa, hata kama ameamriwa kumkamata, ameuvunja utulivu uleule aliotumwa kuulinda.

Tuchukue mfano wa pili. Ibara ya 23 yasema kwamba mshukiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 48. Itakuwaje mkubwa akisema, "Mfungie mpaka nirudi wiki ijayo"? Askari anayemjibu kwa adabu, "Afande, saa 48 zinakwisha kesho," hakufanya ukaidi. Amemkumbusha mkubwa wake safu ambayo wote wawili wamo ndani yake. Ibara hiyohiyo yasema kwamba haki ya kuomba amri ya "habeas corpus", yaani amri ya jaji ya kumleta mbele yake mtu aliyezuiliwa, haiwezi kusimamishwa. Hiyo nayo ni "order", ila haimwendei askari wa zamu peke yake. Yamfikia hata mkubwa wake.

Aidha, sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso haimkubalii mtesaji kujitetea kwamba aliamriwa na mkubwa. Aliyepiga atajibu yeye mwenyewe.

Hatusemi kwamba askari abishane na kila amri. Jeshi lisilo na utii si jeshi, na wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu naye anaye mkuu wake, nayo ni sheria. Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili pale ambapo Kiingereza kina moja: amri na utaratibu. Tusiyachanganye. Amri njema huzaliwa na utaratibu na hurudi kuulinda. Askari akiyashika yote mawili, raia atamwona akija wala hatakimbia.