Kompyuta Mpakato Ndogo, Kadi na Notsi Zako za Kidato cha Nne

Shule nyingi za huku Kibondo na Kasulu zina kompyuta mpakato moja au mbili, na mara nyingi ni zile ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya ndani ya gigabaiti 32. Humo ndimo kundi zima la kidato cha nne linaweka mitihani ya miaka iliyopita, picha za notsi na majibu ya majaribio. Ikifika Agosti, mtu anakuja ofisini: "Shikamoo mwalimu, kompyuta inasema imejaa."

Kabla ya kuilaumu kompyuta, piga hesabu. Mtengenezaji akiandika gigabaiti 32 ana maana ya baiti bilioni 32. Kompyuta yenye Windows huhesabu gigabaiti moja kuwa 1,024 × 1,024 × 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Ukigawanya bilioni 32 kwa idadi hiyo unapata 29.8, na ndiyo namba utakayoiona kwenye kioo. Hakuna aliyekuibia. Sasa toa Windows yenyewe pamoja na masasisho yake, ambayo kwa pamoja yanaweza kumeza gigabaiti 20 au zaidi. Zinazobaki ni chache, na usizijaze zote, kwa sababu kompyuta inahitaji nafasi tupu ya kufanyia kazi. Ikikosa nafasi hiyo huwa nzito, na wakati mwingine hukataa hata kuhifadhi kazi uliyokwisha kuichapa.

Ndipo tunakimbilia memori kadi, ile ndogo ya simu inayoingizwa kwenye adapta kisha kwenye tundu la ubavuni mwa kompyuta. Ni njia nzuri na ya gharama ndogo. Ila watu wengi hukosea mahali pamoja, na mimi mwenyewe nilikosea.

Mwaka mmoja nilimkabidhi kiranja wa taaluma kadi ya gigabaiti 16, nikamwambia ahamishie notsi zote humo. Akalishika folda kwa kipanya, akaliburuta mpaka kwenye kadi, akaangalia nafasi: bado imejaa! Sababu ni hii. Ukiburuta folda kutoka sehemu moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, Windows hulihamisha. Ukiliburuta kwenda kwenye diski nyingine, na kadi huhesabiwa kuwa diski nyingine, hulinakili tu. La awali linabaki palepale. Akalifuta lile la kwenye kompyuta, na nafasi haikuongezeka, kwa kuwa kilichofutwa huenda kwanza kwenye pipa la taka na kuendelea kula nafasi humo. Akalimwaga pipa. Sasa nafasi ikapatikana, tukapongezana.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa kadi ilipelekwa steshenari kuchapishwa karatasi. Ilirudi na virusi. Mafolda yote yalionekana kama njia za mkato zisizofunguka, na ilipochomekwa tena kompyuta ikauliza kama iifomati. Kijana akabonyeza ndiyo. Notsi za darasa zima zilikuwa mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni hapo. Sikumgombeza, maana ni mimi niliyemwambia "hamisha" bila kumwambia abakize nakala nyingine.

Kadi inaongeza nafasi, lakini haitoshi kuwa hifadhi pekee ya kitu usichoweza kukipata tena. Kwa hiyo gawa vitu vyako kwa thamani, usiangalie ukubwa pekee. Filamu zilizotafsiriwa, nyimbo na video za WhatsApp ndizo nzito, na zikipotea utazipata kwa rafiki: hizo ziende kwenye kadi peke yake, au zifutwe kabisa. Notsi zilizochapwa ni nyepesi mno. Ukurasa wa maandishi matupu ni kilobaiti chache, wakati picha moja ya daftari iliyopigwa kwa simu hufika megabaiti 3 au 4. Zibakize kwenye kompyuta na uweke nakala kwenye kadi. Nakala ya tatu ikikaa kwenye flashi ya mwenzako wa bweni jingine, bora zaidi.

Mambo ya mkononi nayo yana uzito wake. Usichomoe kadi wakati faili linaandikwa; tumia kwanza amri ya kuiondoa kwa usalama. Kwetu mvua za Oktoba na Novemba huja na radi na umeme kukatika, na kompyuta nyingi za shule betri zake zimekwisha, kwa hiyo usianze kunakili folda kubwa wingu likiwa limetanda. Kabla ya kwenda steshenari, sogeza kile kifungo kidogo cha pembeni mwa adapta kwenye alama ya kufuli. Mara nyingi kompyuta ya huko itaweza kusoma kadi bila kuandika kitu, na virusi navyo ni maandishi.

Ukikuta njia za mkato, usifomati. Mara nyingi mafaili yako yamefichwa tu, na yataonekana ukiiamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Na kama umeshafomati, usiweke chochote kipya humo, hata wimbo mmoja. Ufomati wa haraka hufuta orodha ya mafaili, si mafaili yenyewe, na fundi mwenye programu ya kurejesha anaweza kuyapata. Sisi tulipata kama nusu, kwa sababu kuna aliyekwisha kuweka nyimbo.

Neno moja kuhusu kununua. Kadi ya gigabaiti 128 kwa bei ya soda mbili ni ya bandia. Huonyesha ukubwa huo lakini ndani ina kiasi kidogo tu, na ukipita hapo mafaili yanaharibika bila onyo. Nunua ndogo ya kweli. Jaza kadi mpya kwa vitu visivyo na maana, vifungue kimoja kimoja, ndipo uiamini.

Jaribu hesabu hii. Kadi ina baiti bilioni 16. Masomo 9 yana notsi za megabaiti 250 kila moja, na filamu moja ni megabaiti 700. Ukichukua megabaiti moja kuwa baiti milioni moja, zitaingia filamu ngapi baada ya notsi zote? Notsi ni 9 × 250 = 2,250. Zinabaki 16,000 − 2,250 = 13,750. Gawanya kwa 700, unapata 19.6. Jibu ni filamu 19, si 20. Nusu ya filamu haihifadhiki.