Safari ya Familia Kutoka Marambo: Kalenda Kwanza, Tiketi Baadaye

Mtu akipanga safari, swali lake la kwanza huwa ni nauli. Kwa anayeishi Marambo, au kijiji chochote kati ya Nachingwea na Ruangwa, ningeshauri nauli iwe swali la tatu. La kwanza ni lini, la pili ni utafikaje stendi. Nauli ya basi inajulikana mapema kuliko gharama nyingine zote na, ukiipima kwa kilomita, hakuna kipande cha njia chenye unafuu kuliko cha basi. Fedha za familia huvujia pembeni.

Tuanze na hiyo nauli tuimalize. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ambayo sheria ya mwaka 2019 iliiweka mahali pa SUMATRA, hupanga kiwango cha juu kwa kila abiria kwa kila kilomita. Katika viwango vilivyoanza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida kwenye lami ni shilingi 48.47 kwa kilomita, na la daraja la kati ni 67.84. Kwa hiyo kilomita 100 za lami katika basi la kawaida ni shilingi 4,847, na kilomita 500 ni 24,235. Barabara ya vumbi ina kiwango chake, nacho kiko juu kidogo, kwa sababu gari linachakaa haraka. Kiwango kikibadilika, wewe badilisha namba tu, hesabu ni ileile. Kumbuka pia kwamba hicho ni kikomo. Mwenye basi haruhusiwi kukivuka, ila kushuka chini yake ni hiari yake, na hushuka siku ambazo viti viko wazi. Hapo ndipo kalenda inapoanza kukulipa.

Sasa linganisha na kipande cha kutoka nyumbani. Tuseme stendi iko kilomita 20 na bodaboda anataka 10,000. Hiyo ni shilingi 500 kwa kilomita, yaani mara kumi ya basi. Familia ya watu watano yenye mabegi inahitaji bodaboda tatu, labda na ya nne ya mzigo. Bodaboda tatu ni 30,000, nawe hujaiona lami. Kwa bei hiyo mtu mmoja angesafiri kilomita 500 kwa basi na akabakiwa na pesa ya soda. Wengine hupunguza gharama kwa mshikaki, baba mbele, watoto katikati, mama nyuma na begi mgongoni. Nauli inapungua kweli, lakini pikipiki ikiteleza kwenye mchanga, bili ya hospitali italipia safari tano.

Kinachosaidia ni kufahamu tofauti ya magari yanayolipiwa kwa kichwa na yanayolipiwa kwa gari. Basi na kosta hutoza kila kichwa, kwa hiyo wengi hawapati nafuu kwa kuwa wengi. Noah ya kukodi hutozwa kwa gari, kwa hiyo kila anayeongezeka anawapunguzia wenzake. Ukiwa peke yako, panda kosta ya alfajiri au gari la siku ya gulio. Mkiwa watano, ulizeni bei ya Noah, kisha zungumzeni na jirani ambaye naye ana msafara wa kwenda Masasi au Nachingwea mjini siku hiyohiyo. Mara nyingi familia mbili zikigawana gari moja, kila mmoja hulipa chini ya bodaboda na anafika bila vumbi la kichwani.

Kipande hiki kinapaswa kumalizwa siku moja kabla. Basi la masafa huondoka asubuhi na mapema, na kijiji hakiondoki mapema hivyo. Anayejaribu kuunganisha siku hiyohiyo anamlipa bodaboda bei ya saa kumi usiku, na akichelewa, tiketi imepotea. Lala kwa ndugu mjini. Kama huna ndugu, chumba cha gesti kwa familia nzima ni nafuu kuliko tiketi tano zilizoachwa na basi.

Nirudi kwenye swali la lini, maana hapa pana mengi. Katika wilaya hizi fedha huja kwa mafungu. Ufuta huuzwa kuanzia mwezi wa sita, mbaazi hufuata, halafu kuanzia Oktoba ndiyo korosho, fungu kubwa la mwaka. Yote hupita minadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Shule hufungwa Juni, kisha tena Desemba. Kwa hiyo familia nyingi huona Desemba ndiyo yenyewe, pesa ya korosho ipo na watoto wapo nyumbani.

Tatizo ni kwamba Desemba hiyohiyo kila mtu wa kusini aliyeko Dar es Salaam anataka kurudi kwao. Kule jijini, Mbagala nzima inasogea. Mabasi yanakuja huku yamejaa mpaka viti vya ziada, na hapo ndipo ulanguzi wa tiketi unapozaliwa. Lakini mabasi hayo lazima yarudi, nayo hurudi Dar es Salaam yakiwa na nafasi. Mwenye basi anayerudi na viti vitupu anafurahia abiria yeyote. Familia ya Marambo inayokwenda Dar es Salaam wiki ya kabla ya Krismasi inasafiri kinyume cha wimbi, na hapo kuulizia punguzo si aibu. Hata Januari haiumii sana. Kuelekea kufunguliwa shule, wimbi linageuka kuelekea mjini na wewe unarudi kijijini, kwa hiyo bado uko kinyume chake, mradi usingoje mpaka siku ya mwisho pamoja na walimu na wanafunzi wanaorudi vituoni. Aliyeko Mbagala anayetaka kuja kumwona mama Nachingwea ndiye mwenye kazi ngumu, yeye yuko ndani ya wimbi kwenda na kurudi. Huyo afikirie Juni.

Na Juni, kwa maoni yangu, ndiyo inayodharauliwa bila sababu. Mvua imekatika, barabara za vumbi zimekauka, shule zimefungwa. Pesa ya ufuta huenda haijafika yote, lakini safari ya Juni inaweza kulipiwa na akiba ya korosho iliyotengwa Desemba, kabla haijaliwa. Wenye vikoba wanajua namna ya kuifungia pesa mahali ambapo mkono haufiki. Kikoba kinachogawana Desemba kinaweza kuwa na mfuko mdogo wa safari unaofunguliwa mwezi wa sita tu.

Pesa iliyoahidiwa isipande basi. Mwaka 2018 wakulima na wanunuzi wa korosho walishindwa kuafikiana bei, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingizwa kusomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, ila malipo ya wakulima wengi yalichelewa mpaka mwaka uliofuata. Waliokuwa wamekopa kwa ajili ya safari, jando au unyago kwa kutegemea stakabadhi, walilipa riba kwa pesa ambayo hawajaishika. Korosho iliyo ghalani ni mali, lakini konda hapokei stakabadhi.

Kusini kumeshawahi kuwa na usafiri uliojengwa kwa mzigo ambao haukufika. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ndio ulioleta reli mpaka Nachingwea na kuizaa bandari ya Mtwara. Karanga zikashindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Zingekubali, leo tungekuwa tunazungumza habari ya behewa la daraja la tatu kutoka Nachingwea. Usafiri wa umma huwa nafuu pale tu unapojaa kwenda na kurudi, na treni isiyo na mzigo haina namna ya kuwa nafuu.

Mvua ina ukurasa wake. Huku mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia karibu mwisho wa mwaka mpaka Aprili. Wazee wanakumbuka enzi za kivuko cha Ndundu, ambapo kwenda Dar es Salaam masika ilikuwa ni kulala njiani. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilimaliza sehemu kubwa ya adha hiyo, lakini si yote. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara ya Dar es Salaam–Lindi ilikatika wilayani Kilwa na abiria wakakwama siku kadhaa. Anayesafiri Machi au Aprili na familia aweke fungu la kukwama, yaani chakula na malazi ya siku mbili ambayo hayatarajiwi kutumika. Usipolitumia, ni akiba ya kurudia. Waislamu wazingatie jambo moja zaidi. Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na kwa miaka hii Idi el-Fitri inaangukia ndani ya mvua. Ukipenda kwenda kusali Idi kwa mjomba huko mbali, panga safari kabla mfungo haujafika kumi la mwisho.

Njia nayo ichaguliwe upya. Kuna watu bado wanapita Dar es Salaam kwenda Njombe au Mbeya, kwa sababu baba zao walipita hivyo. Lami ya Masasi, Tunduru, Namtumbo mpaka Songea imebadilisha hesabu hiyo. Masasi hadi Songea ni kama kilomita 460, na kutoka Songea unapandisha Njombe. Ukizidisha kwa 48.47 unapata kama 22,300 mpaka Songea, wakati kwa njia ya zamani pesa hiyo inaishia kabla hujafika Mbagala. Anayekwenda Dodoma, kinyume chake, sasa ana sababu nzuri ya kupita Dar es Salaam. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2024, nauli ya kawaida mpaka Dodoma ikiwa 31,000 kwa mtu mzima. Kwa mwenye watoto, kilicho muhimu zaidi ni kwamba mtoto wa kati ya miaka 4 na 12 hulipa nusu, 15,500, na wa chini ya miaka 4 anapakatwa bure. Baba, mama na watoto watatu wa shule ya msingi wanalipa 108,500 badala ya 155,000. Beba vyeti vya kuzaliwa, maana mtoto mrefu wa miaka 11 atabishaniwa.

Kwenye basi, umri wa mtoto na kiti chake ni mambo ya kukubaliana wakati wa kukata tiketi, kamwe si wakati konda ameshashika mlango. Tiketi siku hizi ni ya kielektroniki. Iangalie palepale uone jina, namba ya basi, tarehe, kituo cha kupandia na kiasi ulicholipa. Kama karatasi inasema 25,000 na wewe umetoa 32,000, dai lako halina mguu mbele ya LATRA. Lipa kwa namba ya kampuni, usimtumie mpiga debe kwenye simu yake. Na kwa anayetoka Dar es Salaam kuja huku, uliza basi unalipandia wapi. Mabasi ya kusini hupita Barabara ya Kilwa, na mtu wa Mbagala anayetumwa mpaka stendi ya Mbezi kupanda gari litakalompitisha tena karibu na kwake amelipa daladala na usingizi bila sababu.

Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, tangazo likitolewa bungeni na Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo na mbunge wa Ruangwa. Yanaokoa pesa ya gesti kwa anayefika mjini asubuhi. Kwa familia inayorudi Marambo sioni faida yake, kwani unashushwa Nachingwea saa tisa usiku na watoto wanasinzia juu ya mabegi, halafu bodaboda aliyeko peke yake anataja bei anayotaka.

Ukifika, gharama ya mwenyeji ihesabiwe kama nauli. Familia ya watu watano kwa dada yako Mbagala kwa wiki mbili ni gunia la unga linaloyeyuka na umeme unaokatika katikati ya mwezi. Mbebee mbaazi, ufuta na unga wa muhogo kutoka nyumbani, vitu ambavyo kwake ni bei na kwako ni mavuno, baada ya kuulizia basi linatoza vipi mzigo. Ukishafika, mnunulie umeme wa LUKU mapema bila kuombwa.

Na kama safari ni ya matembezi tu, ya kuwaonyesha watoto kitu, Dar es Salaam ni ghali kuliko inavyostahili. Shukeni Nangurukuru. Hapo mnapata gari la masafa mafupi la kwenda Kilwa Masoko, mnalala, na asubuhi mnavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye msikiti mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, yaliyomo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981. Nauli inapungua karibu kwa nusu ukilinganisha na kwenda mpaka mjini. Bei ya kuingia kwa raia ni tofauti na ya mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni. Mashua nayo hukodishwa kama Noah, kwa chombo kizima, kwa hiyo kabla ya kuafikiana bei tazameni ufukweni kama kuna familia nyingine inayongoja kuvuka.