Jinsi sauti ya mitume ilivyowafikia wasiowahi kuwaona

MWISHONI mwa karne ya pili, Ireneo, askofu wa Lyon katika nchi iitwayo leo Ufaransa, alimwandikia barua mtu aitwaye Florino, aliyekuwa ameanza kufuata mafundisho yaliyopingana na yale ya Kanisa. Katika barua hiyo alimkumbusha mzee ambaye wote wawili walimfahamu miaka mingi nyuma huko Asia Ndogo: Polikarpo, askofu wa Smirna, mji unaoitwa sasa Izmir, nchini Uturuki.

Ireneo, aliyekuwa mtoto wakati huo, alieleza kwamba bado angeweza kuonyesha mahali alipoketi mzee huyo alipokuwa akifundisha, namna alivyoingia na kutoka, umbo lake, na jinsi alivyosimulia mazungumzo yake na Yohane na wengine waliomwona Bwana. Mambo hayo, alisema, aliyaandika moyoni, si katika karatasi.

Kipande cha barua hiyo, kilichohifadhiwa na mwanahistoria Eusebi wa Kaisaria, kinatuonyesha kwa karibu namna mafundisho ya mitume yalivyovuka kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Kati ya Yesu na askofu wa Lyon walisimama watu wawili tu: Yohane na Polikarpo.

Ikumbukwe kwamba wakati huo Agano Jipya lilikuwa bado halijakamilika kuwa kitabu kimoja. Injili na nyaraka za Paulo zilikuwapo na zilisomwa makanisani, lakini orodha ya kwanza tuliyo nayo inayotaja vitabu vyote 27, bila kupunguza wala kuongeza, ni ile ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Aidha, watu wengi hawakujua kusoma, na kila nakala iliandikwa kwa mkono. Kwa muumini wa kawaida, mafundisho ya mitume yalikuwa jambo la kusikia.

Namna yalivyosikika inaelezwa na Yustino, mwalimu aliyeishi Roma na baadaye kuuawa kwa ajili ya imani yake. Katika utetezi aliouandika yapata mwaka 155, anasema kuwa siku ya Jumapili waumini wa mjini na wa mashambani walikusanyika mahali pamoja. Zilisomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii, kadiri muda ulivyoruhusu. Msomaji alipomaliza, kiongozi alisimama kuwahimiza waliohudhuria wayaige mambo mema waliyoyasikia. Baada ya sala na mkate na divai, wenye uwezo walitoa mchango kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mahubiri, basi, yaliishia mfukoni.

Hata hivyo, neno la mdomo lina udhaifu wake: kila mtu anaweza kudai kuwa amelipokea. Kitabu kidogo cha zamani kiitwacho Didake, kilichochapishwa mwaka 1883 baada ya kupotea kwa karne nyingi, kinaonyesha kwamba makanisa yalilitambua tatizo hilo mapema. Mhubiri msafiri apokelewe kwa heshima, kinaagiza, lakini akikaa siku tatu ni nabii wa uongo, na akiomba fedha vilevile. Mtu asiyewajua wahubiri wa namna hiyo angeweza kuliona agizo hilo kuwa kali mno.

Tatizo kubwa zaidi lilitoka kwa walimu wenye elimu. Wafuasi wa Valentino walisema kwamba mwalimu wao alifundishwa na Theuda, mwanafunzi wa Paulo. Wengine walidai kuwa na maneno ya siri ambayo Yesu aliwaambia wachache tu. Baadhi ya maandiko ya aina hiyo yaligunduliwa karibu na Nag Hammadi, nchini Misri, mwaka 1945. Kama Ireneo alikuwa na mnyororo wake, na wao walikuwa na wao.

Jibu la Ireneo, katika vitabu vitano alivyoviandika yapata mwaka 180, lilitegemea uwazi. Kama mitume wangekuwa na siri, aliuliza, wangemwachia nani kabla ya wale waliowakabidhi makanisa? Akataja maaskofu wa Roma mmoja baada ya mwingine, kuanzia Lino, watu waliofundisha mbele ya umati na ambao kila mtu angeweza kuulizia habari zao. Akaongeza kwamba yapo mataifa yaliyoamini bila karatasi wala wino, na yangeziba masikio kama yangesikia mafundisho hayo mapya.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haikumkinga Ireneo mwenyewe dhidi ya makosa. Katika vitabu hivyohivyo anadai kuwa Yesu alifundisha akiwa amepita miaka 40 na kukaribia 50, na anawataja wazee wa Asia waliokuwa na Yohane kuwa mashahidi. Ni vigumu kulipatanisha dai hilo na Injili ya Luka, inayosema Yesu alianza kazi akiwa na umri wa miaka kama 30. Kumbukumbu ya wazee ilihitaji maandiko kando yake, na Ireneo alivitumia vyote viwili.

Mnyororo huo ulibeba tofauti pia. Yapata mwaka 155 Polikarpo alikwenda Roma, ambako yeye na Askofu Aniseti hawakukubaliana kuhusu siku ya Pasaka. Polikarpo aliishika desturi aliyoiadhimisha pamoja na Yohane, na Aniseti ile ya wazee waliomtangulia. Hakuna aliyemshawishi mwenzake, lakini Aniseti alimwachia mgeni wake aongoze ibada ya Ekaristi, wakaagana kwa amani.

Miaka ipatayo 35 baadaye, Askofu Vikta wa Roma alipotaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa sababu ya siku hiyohiyo, Ireneo alishika kalamu tena, akamsimulia habari za wazee hao wawili.